Heshima ya Vita vya Kuigiza: Desturi ya Kuchagua Ndege Sahihi, Ikitazamwa kutoka Busia na Malaba

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina desturi ya kuigiza vita wakati wa amani, na watu wa Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wake na Uganda, wanaifahamu vyema desturi hiyo. Eneo hili ni makazi ya Wateso, ambao ni Waniloti wa mashariki, na ya Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, ambao ni sehemu ya Waluhya, huku Wajaluo wakiwa majirani zao wa upande wa kusini. Miongoni mwa Wajaluo na baadhi ya jamii za Waluhya, mazishi ya mzee mwenye hadhi yaliambatana na igizo la mapigano, ambapo wanaume walishika mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe kwa nyimbo na vishindo, na kukimbia kana kwamba adui yuko mbele yao, kwa nia ya kuyafukuza mauti mbali na boma. Wajaluo huliita tendo hilo tero buru, na hawalifanyi kwa kila maiti, kwa kuwa mtoto mchanga hazikwi kwa heshima ya mzee. Kuigiza vita, basi, kulikuwa na kanuni zake kuhusu nani aigiziwe, kwa zana zipi, na nani ashiriki.

Kanuni za namna hiyo zimechipuka upya katika jumuiya ya wachezaji wanaopigana vita vya angani kwa kompyuta. Wachezaji hao hutumia programu za kuigiza urukaji, yaani programu zinazomweka mtu mbele ya usukani na vipimo vya ndege kama rubani, na hukutana kwenye seva, ambayo ni kompyuta ya pamoja inayowaunganisha watu wa nchi mbalimbali katika pambano moja. Mfululizo wa IL-2 Sturmovik, ulioanza mwaka 2001 na kupewa jina la ndege ya Kisovieti ya kushambulia shabaha za ardhini, ni miongoni mwa programu zilizoikuza jumuiya hii. Pambano linapokusudiwa kufuata historia, mwandaaji wake hutoa kwanza orodha ya ndege zinazoruhusiwa, na orodha hiyo ndiyo sheria ya siku. Ili ndege iingie humo, ni lazima ijibu maswali matatu: je, ilikuwepo katika eneo hilo la vita, ilikuwa imekwisha kufika kufikia tarehe iliyotajwa, na ilikuwa mikononi mwa upande upi?

Maswali hayo huonekana mepesi hadi yanapoelekezwa kwenye vita vilivyopiganwa katika ukanda huu. Mwaka 1940 Italia, iliyokuwa ikiitawala Ethiopia, ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza, kaskazini mwa Kenya kukawa uwanja wa mapambano, na askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililokusanya vijana wa Kenya, Uganda na nchi jirani, wakashiriki kampeni iliyofika Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa Aprili 1941. Mchezaji asiyeijua historia hii atakimbilia Spitfire ya Waingereza na Messerschmitt ya Wajerumani, kwa sababu ndizo ndege maarufu za Vita vya Pili vya Dunia, ilhali hakuna hata moja kati ya hizo iliyopigana katika kampeni hiyo. Waitalia walirusha Fiat CR.32 na CR.42, ndege za kivita zenye jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, pamoja na ndege za kudondosha mabomu za Caproni na Savoia-Marchetti. Upande wa Waingereza, mzigo mkubwa ulibebwa na Jeshi la Anga la Afrika Kusini, lililotumia Hartbees na Fury za mtindo wa zamani, kisha Gladiator, huku Hurricane zikizidi kushika nafasi kadiri miezi ilivyosonga.

Kielelezo kinachofundisha zaidi katika orodha hiyo ni Junkers Ju 86. Ndege hii iliundwa Ujerumani, lakini shirika la ndege la Afrika Kusini lilikuwa limeinunua kwa ajili ya abiria, na vita vilipozuka ikageuzwa kuwa ya kudondosha mabomu dhidi ya Waitalia. Mwandaaji anayepanga pande kwa kufuata nchi iliyounda ndege ataiweka Junkers upande wa adui na kuwapotosha wenzake, ilhali anayefuata kumbukumbu ataiweka upande wa Waingereza, ilikokuwa kweli. Mkaazi wa Malaba aliyezoea foleni ya malori ana ujuzi unaofanana na huo, kwa kuwa lori la muundo uleule humilikiwa na Mkenya na Mganda vilevile, na wakala wa forodha hulitambua kwa namba na hati zake, si kwa kiwanda lilikotoka.

Usahihi huo huwarudishia pia watu heshima yao. Tarehe 15 Machi 1941, katika shambulio la uwanja wa ndege wa Dire Dawa, rubani John Frost wa Afrika Kusini alilazimika kutua katika eneo la adui, ndipo mwenzake Kershaw akaitua Hurricane yake hapohapo, na wawili hao wakarudi wakiwa wamebanana katika kiti kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Tukio hilo linaeleweka tu kwa anayeijua Hurricane na chumba chake chembamba, na likiigizwa kwa ndege nyingine hupoteza maana yake.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kati ya Uganda na Tanzania, viko karibu zaidi na kumbukumbu za watu wa mpakani, na kanuni za uchaguzi ndani yake ni ngumu zaidi. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na MiG-17 na MiG-21, na Tanzania nayo ilirusha ndege za ukoo huohuo wa Kisovieti, hata walinzi wa anga wa Tanzania karibu na Musoma wakazitungua ndege zao wenyewe kwa kuzidhania za adui. Mwandaaji wa pambano hili hana budi kusisitiza alama zilizochorwa kwenye mabawa, kwa kuwa umbo la ndege halitoshi kumtenga rafiki na adui. Tu-22, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, nayo ina nafasi yake, lakini kwa jina la Libya pekee, mshirika wa Amin, iliyoituma kuushambulia mji wa Mwanza nchini Tanzania Machi 1979, shambulio lililokosa shabaha na kuua wanyama katika kisiwa cha Saanane.

Programu isipokuwa na ndege halisi ya tukio, ndipo desturi ya mbadala inapohitajika. Programu ya DCS World ina MiG-21bis, toleo la baadaye kuliko MiG-21MF iliyokuwa Uganda, na kwa hiyo wachezaji waaminifu hukubaliana kuitumia kwa masharti mawili: kwamba kila mshiriki aambiwe wazi kuwa hiyo ni mbadala, na kwamba silaha ambazo toleo halisi halikuwa nazo ziondolewe. Wapo wanaopinga ukali huo kwa hoja kwamba mchezo hunoga pande zinapolingana nguvu, na hoja yao ina haki yake katika pambano la kujifurahisha. Lakini pambano likishapewa jina la vita vilivyoua watu, usawa wa kubuni huwa ni uongo. Entebbe ilitekwa Aprili 1979, na tangu hapo jeshi la anga la Uganda likawa limekwisha nguvu, ilhali majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin yalifika Jinja tarehe 22 Aprili na kuendelea mashariki kuelekea Tororo, mji jirani na Malaba. Anayeigiza siku hizo za mwisho upande huu wa mashariki hapaswi kumpa Amin kikosi cha MiG-21 kwa ajili ya kunogesha mchezo, kwa kuwa ukweli wa siku hizo ni kwamba kikosi hicho hakikuwepo tena.

Kijana wa Busia au Malaba anayetaka kuandaa pambano la namna hii ana hazina ambayo wachezaji wa Ulaya na Marekani hawana, nayo ni wazee wa pande zote mbili za mpaka, walioishuhudia mwaka 1979 mitikisiko ya vita hivyo na misafara ya watu waliovuka kutafuta usalama. Inampasa, kabla ya kufungua orodha ya ndege, akae nao, aulize kwa adabu, aandike wanayoyasema pamoja na tarehe na mahali, kisha ayalinganishe na vitabu. Vita vilivyowagharimu watu uhai wao visiigizwe kwa kubahatisha, na wazee waliovishuhudia waulizwe sasa, wangali hai.