ALIYEITAFUTA MANOWARI KWA DIRA

Safari hii nawaletea habari za mzee mmoja wa Marekani. Jina lake ni Edwin Bearss, nalo hutamkwa Bars. Alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Montana, nchi ya nyasi na mifugo. Alikulia katika ranchi ya ng'ombe.

Baba yake alikuwa askari wa zamani. Alimsomea mwanawe kitabu cha maisha ya jemadari mmoja aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kijana alinogewa na habari zile. Akaanza kuwapa ng'ombe wa ranchi majina ya majemadari na ya mapigano. Ng'ombe aliyempenda kuliko wote alimwita Antietam. Hapo Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, watu 23,000 hivi waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja. Si jina la kumpa ng'ombe wa maziwa, lakini ndivyo alivyopenda.

Vita hivyo vilianza mwaka 1861, vikaisha mwaka 1865. Majimbo ya kusini yalitaka kujitenga ili yaendelee kuwa na watumwa. Majimbo ya kaskazini yalikataa nchi isigawanyike. Watu zaidi ya 600,000 walikufa. Mwishoni watumwa karibu 4,000,000 wakawa huru.

RISASI ZA MWAKA 1944

Mwaka 1942 Bearss mwenyewe alijiunga na jeshi. Ilikuwa Vita Kuu ya Pili. Alipelekwa mbali sana, kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kupigana na Wajapani. Tarehe 2 Januari 1944, katika kisiwa cha New Britain, kikosi chake kilikuwa kinavuka kijito msituni. Adui alikuwa amejificha ng'ambo na bombomu. Bearss alipigwa risasi mikononi na mahali pengine mwilini. Alilala chini, risasi zikipita juu yake, mpaka wenzake walipomvuta.

Alikaa hospitalini miezi 26. Hebu hesabuni, ni zaidi ya miaka miwili. Mkono wake wa kushoto haukupona sawasawa maisha yake yote. Huko kitandani alisoma vitabu vya historia.

Alipopona alikwenda chuo kikuu. Alipokuwa akiandika kazi yake ya chuo juu ya jemadari mmoja, alikwenda Shiloh, mahali palipopiganwa mwaka 1862. Mtumishi wa hifadhi ya pale alimtembeza kwa miguu. Bearss aliona kilima, bonde na kichaka. Ndipo akaelewa kwa nini askari walisimama hapa na si pale. Tangu siku hiyo alishika jambo moja: huwezi kuandika habari za pigano kama hujalitembea eneo lake.

Mimi kazi yangu ni ya kilimo, na neno hili nalikubali kabisa. Mkulima akinieleza ofisini kwamba mahindi yake yamekuwa ya manjano, siwezi kumjibu. Twende kwanza shambani. Huenda maji yanasimama upande mmoja, na mwenyewe hakusema kwa kuwa amezoea kuyaona.

CHUMA NDANI YA TOPE

Mwaka 1955 Bearss aliajiriwa na idara ya hifadhi za taifa. Alipangiwa Vicksburg, mji ulio kando ya mto Mississippi. Mji huo ulizingirwa na jeshi la kaskazini kwa siku 47, ukasalimu amri tarehe 4 Julai 1863.

Karibu na hapo, katika mto Yazoo, ilizama manowari iliyoitwa Cairo. Ilikuwa meli ya mbao iliyovikwa mabamba ya chuma, yenye mizinga 13. Tarehe 12 Desemba 1862 ililipuliwa na mabomu yaliyofichwa majini. Ilizama kwa dakika 12 hivi. Hakuna aliyekufa, lakini vitu vyao vyote viliachwa ndani. Mto ukaifunika kwa tope, na watu wakasahau ilipo.

Bearss alisoma ramani na barua za zamani. Mwezi Novemba 1956 yeye na wenzake wawili walipanda mashua ndogo. Walichukua dira ya kawaida. Ninyi mnajua kwamba mshale wa dira huelekea kaskazini. Lakini ukiuweka karibu na chuma kingi, mshale huvutwa, ukageuka. Walikwenda polepole mtoni, macho yao kwenye dira. Mahali fulani mshale uligeuka. Wakachoma tope kwa fimbo ndefu ya chuma. Ikagonga chuma kingine.

Kuitoa ilikuwa taabu. Fedha zilikuwa chache. Walipoanza kuiinua mwaka 1964, kamba za chuma zilizama ndani ya mbao na kuzikata. Wakaona afadhali waikate meli vipande vitatu. Ilipotoka majini mbao zikaanza kukauka na kuharibika. Tope liliilinda miaka 102. Jua lilitaka kuimaliza kwa miaka michache. Vipande vilikaa mbali, kwenye karakana ya meli, mpaka mwaka 1977 vilipoanza kurudishwa Vicksburg. Kwa maoni yangu, waliotafuta walifanya kazi njema, lakini banda la kuiwekea lingejengwa kwanza.

ARDHI INAPOTAKWA NA WENGINE

Toka mwaka 1981 hadi 1994 Bearss alikuwa mwanahistoria mkuu wa hifadhi za taifa za Marekani. Wakati huo miji ilikuwa inapanuka. Sehemu nyingi zilizopiganiwa zilikuwa mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba akiuza, nyumba na barabara zinajengwa juu yake. Mwaka 1988 mfanyabiashara alitaka kujenga maduka makubwa kando ya uwanja wa vita wa Manassas, karibu na mji mkuu wa Washington. Wananchi walipiga kelele. Bunge lilitunga sheria ya kuichukua ardhi hiyo, na serikali ikamlipa mwenyewe fedha nyingi sana. Nchi nyingine isingeweza gharama hiyo, na hata huko wako waliolalamika.

Bearss alitumia njia nyingine pia: kutembeza watu. Baada ya kustaafu aliendelea kuwaongoza kwenye viwanja vya vita, hata alipopita miaka 90. Alikwenda mbio, fimbo fupi kwapani, akisimulia kwa sauti kubwa bila kusoma karatasi. Vijana waliachwa nyuma. Wengi waliotembea naye walichanga fedha za kununua ardhi hizo zisijengwe. Alifariki tarehe 15 Septemba 2020, akiwa na umri wa miaka 97.

Manowari Cairo iko Vicksburg, chini ya paa. Palipokosa mbao za zamani pamewekwa kiunzi kipya. Kando yake kuna nyumba ya makumbusho, na ndani mna vitu walivyoviacha mabaharia siku ile: viatu vyao, vyungu vya kupikia, na chupa za dawa.