Mkopo Unaofuata Mvua

Mkulima wa mahindi wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, hupanda Machi mvua ndefu zinapoanza, na huvuna kuanzia Agosti. Pesa anazihitaji zaidi Februari, wakati karo ya Januari imeshakomba akiba. Basi hupanda kwa mbolea kidogo, au bila mbolea, na chakula humwishia miezi kadhaa kabla ya mavuno, gorogoro ya mahindi, lile kopo la kupimia sokoni, ikiwa imepanda bei. Akivuna, madeni humlazimisha kuuza siku zile zile ambazo kila jirani anauza. Watu husema hajui kulima. Mimi naona kinachomwangusha zaidi ni majira ya pesa.

Shirika la One Acre Fund, lililoanzishwa Bungoma mwaka 2006 na Mmarekani Andrew Youn, lilijengwa juu ya jambo hilo. Humkopesha mkulima mbegu na mbolea badala ya fedha taslimu, huzifikisha karibu na kijiji kabla ya mvua, humfundisha nafasi za mistari na kipimo cha mbolea kwa kila shimo, kisha humwacha alipe kidogo kidogo kadiri anavyopata: leo ameuza kuku, wiki ijayo maziwa. Benki hutaka marejesho ya kila mwezi na hati ya shamba, na mahindi hayalipi kila mwezi. Hapa mpango ulianza kwa majirani kudhaminiana. Udhamini wa aina hiyo una uchungu wake, kwa kuwa mmoja akikwama, kikundi kizima huweza kukosa mkopo wa msimu unaofuata, na ujirani ukaingia doa.

Marejesho ya wakulima hulipia sehemu kubwa ya kazi ya mashambani. Pengo lililobaki huzibwa na wafadhili. Wapo wanaoliona pengo hilo kuwa aibu kwa biashara. Siafikiani nao, na sababu yangu ni udongo.

Mbolea ya kupandia aina ya DAP, ikitumiwa mwaka hadi mwaka pasipo kitu kingine, huongeza asidi ardhini. Asidi ikizidi, fosforasi hufungwa na aluminiamu na chuma, mizizi haiipati, na mkulima anakuwa amelipia mbolea isiyomfaa. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, pamoja na samadi. Lakini faida ya chokaa hukomaa kwa misimu kadhaa, na vivyo hivyo mti wa grivilea unaopandwa mpakani mwa shamba huchukua miaka kabla ya kutoa mbao. Mkopo wa msimu mmoja hauwezi kubeba subira hiyo peke yake, na hapo ndipo ruzuku ina kazi ya halali.

Anayebaki nje hata kukiwa na ruzuku ni mkulima wa shamba la kukodi. Amelipia msimu mmoja tu. Akimwaga chokaa leo, atakayevuna manufaa mwaka wa pili ni mwenye ardhi au mpangaji mwingine. Hakuna mkopo wa pembejeo utakaomshawishi mpaka mkataba wake wa kukodi urefushwe, na mazungumzo hayo ni ya mwenye shamba, chifu na serikali ya kaunti.