ETI PICHA HAZIMKUBALI BIBI? Namna ya kuchagua mkanda wa rangi wa kupigia watu

Leo naomba tuongelee mkanda wa picha, ule wa kuweka kwenye kamera. Vijana wengi wameanza kuzitoa kabatini kamera za baba zao na swali linakuwa lile lile: ninunue mkanda gani nipige watu watoke vizuri? Nitataja majina, ila kwanza niwape kisa cha nyumbani.

Kwetu Chiola kuna picha ya rangi ya familia, ya miaka ya 1990. Watu sita wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Mjomba kavaa kanzu nyeupe, unaona mpaka mikunjo yake. Bibi yupo katikati, na shughuli yenyewe ilikuwa yake, lakini uso wake ni doa jeusi. Unaona kitambaa cha kichwani na meno, basi. Tangu nikiwa mdogo naambiwa, "Bibi yenu picha zilikuwa hazimkubali." Yeye mwenyewe aliamini hivyo, akawa anakimbia kamera mpaka alipofariki. Hiyo ndiyo picha pekee aliyotuachia.

Nilipoanza kusoma mambo ya mikanda nikagundua bibi alisingiziwa.

MKANDA UNAFANYAJE KAZI

Mkanda wa negativu wa rangi una tabaka zinazokamata mwanga wa bluu, wa kijani na mwekundu. Panapopigwa na mwanga mwingi panakuwa pazito, panapopata mwanga kidogo panabaki pepesi. Ndiyo maana kwenye negativu kila kitu kiko kinyume: kanzu nyeupe inaonekana nyeusi, na uso mweusi unaonekana mweupe mweupe.

Sasa, ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko ukuta wa chokaa. Kamera ikielekezwa kwenye ule ukuta, kipima mwanga kinaona mwanga umezidi, kinapunguza. Ukuta unatoka safi, uso unakosa mwanga. Halafu mkanda ukifika studio, mashine ya kuchapa nayo inatazama picha nzima, inakuta weupe umejaa, inazidisha giza. Bibi kapigwa giza mara mbili, na hakuna aliyemuuliza.

HISTORIA KIDOGO

Kuna sababu nyingine ya zamani. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa inapeleka kwenye studio za kusafishia picha kadi ya mfano ya kupimia rangi. Kwenye kadi alikuwepo mwanamke wa Kizungu, na kadi zikaitwa "Shirley" kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, basi mashine iko sawa. Wewe na mimi hatukuwemo kwenye hesabu. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliandika habari hii mwaka 2009. Anaeleza kuwa miongoni mwa waliolalamika mpaka Kodak ikaboresha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani chokoleti ilisikilizwa! Kadi yenye mwanamke mweusi, Mzungu na wa Kiasia kwa pamoja ilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Na habari hii ilifika jirani kabisa na sisi. Nachingwea ndiko FRELIMO walikokuwa na kambi yao ya mafunzo wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Baada ya uhuru wa 1975, serikali ya Msumbiji ilimwalika mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard asaidie mipango ya televisheni. Inasimuliwa sana kwamba alikataa kutumia mkanda wa Kodak kule, akisema ni wa kibaguzi.

Mikanda ya siku hizi ni bora kuliko ile. Ila ukipiga ovyo, matokeo ni yale yale ya bibi. Kwa hiyo tuchague.

MAJINA SASA

Kodak Portra. Ilitoka mwaka 1998 kwa ajili ya picha za watu. Sasa ipo ya 160, 400 na 800. Haikazi sana tofauti ya mwanga na kivuli, kwa hiyo kanzu na uso vinaweza kukaa picha moja bila kugombana. Ukiwa na hela ya mkanda mmoja tu wa harusi, chukua Portra 400. Ubaya wake ni bei.

Kodak Gold 200 na ColorPlus 200. Hizi ni za mtu wa kawaida. Gold ina ujotojoto wa rangi unaopendeza kwenye ngozi zetu, ila zinataka mwanga wa kutosha, siyo ndani ya nyumba jioni.

Kodak UltraMax 400. Inafaa kivulini na kwa flashi. Rangi zake kali kidogo.

Kodak Ektar 100. Khanga na mandhari zinawaka kweli kweli. Kwa sura za watu mimi nasema hapana, inakaza rangi na vivuli, na nyuso zinaweza kuvuta kwenye wekundu.

Fujifilm Pro 400H ilipendwa sana na wapiga picha za harusi, lakini ilisitishwa mwaka 2021. Ukiuziwa leo, jua ni ya stoo, angalia tarehe.

Ile namba 100, 200 au 400 ni kasi ya mkanda. Namba kubwa inahitaji mwanga mdogo, ila chengachenga zinaongezeka. Pia soma kwenye kopo kama imeandikwa C-41. Hiyo ndiyo njia ya kusafisha mikanda ya rangi, na kabla hujanunua ulizia kwanza studio utakayopeleka kama bado wanaifanya. Usije ukapiga picha 36 halafu ukakaa nazo mfukoni.

LA MUHIMU KULIKO JINA

Shika hili moja: mkanda wa negativu unasamehe mwanga ukizidi, hausamehe giza. Mwanga ukizidi hatua moja au mbili, picha bado inatoka. Uso usipopata mwanga kabisa, hakuna fundi wa kuurudisha. Kwa hiyo:

1. Kama kamera yako ina kitufe cha kuzungusha cha ISO (au ASA), mfano Pentax K1000, weka mkanda wa 400 lakini zungusha kwenye 200. Mkanda wa 200 weka 100. Utakuwa umewapa watu mwanga mara mbili. Studio wasafishe kama kawaida.

2. Pima mwanga kwenye uso, usipime ukuta wala mbingu. Sogea karibu, pima, rudi nyuma, piga.

3. Saa sita mchana jua liko utosini na macho yanageuka mashimo. Ngoja saa kumi, au wapeleke watu kivulini, wakae ukingoni mwa kivuli wakitazama kweupe. Chini kabisa ya mwembe majani yanatia ukijani usoni. Udongo wetu mwekundu wa Nachingwea wenyewe unarudisha rangi ya joto kidevuni, inapendeza.

4. Picha ya kundi kwa flashi: aliyevaa nyeupe asikae mbele kabisa. Weusi wasogee karibu na mwanga. Usiwapange kwa vyeo peke yake.

5. Mkanda hautaki joto. Usinunue uliokaa kwenye kioo cha duka ukipigwa jua, na usiuache kwenye gari. Ukimaliza kupiga, usafishwe mapema.

Kwenye simu mambo ni hayo hayo. Google ilikuja na Real Tone kwenye simu za Pixel mwaka 2021 kwa sababu kamera za kidijitali nazo zilikuwa zinakosea ngozi nyeusi.

TURUDI KWA BIBI

Mwaka jana nilipekua bahasha za zamani nikaikuta negativu ya ile picha. Nikaishika dirishani. Pale kwenye uso wa bibi hapakuwa patupu kama ukingo wa mkanda. Palikuwa na macho, mstari wa pua, mashavu. Uso wake ulikuwemo siku zote, aliyechapa ndiye aliyeufunika.

Nilifungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, nikainua negativu kidogo mbele ya kioo, nikaipiga kwa simu kwa karibu, kisha nikageuza rangi kinyume kwa programu ya kuhariri picha. Rangi zilinisumbua kwa sababu ya ule uchungwa wa negativu, nikaishia kuifanya nyeusi na nyeupe. Mama alipoiona alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe alikuwa anacheka."

Basi wadau, kabla hamjatupa zile bahasha za negativu nyumbani, zishikeni dirishani kwanza. Na yeyote atakayekwambia wewe picha hazikukubali, mwambie akupime mwanga usoni.

Waliowahi kupiga kwa mkanda leteni uzoefu hapo chini, hasa mliopo Lindi na Mtwara: mnasafishia wapi?

Nawakilisha.