Fahamu: WindowSwap, tovuti inayokuonyesha dunia kupitia madirisha ya wengine

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipowafungia watu majumbani, wanandoa Sonali Ranjit na Vaishnav Balasubramaniam, wakazi wa Singapore, walichoka kutazama mandhari yaleyale kila siku. Wakaanzisha WindowSwap, tovuti inayokuonyesha yanayoonekana kutoka madirisha ya watu usiowajua.

Inafanyaje kazi?
Mwenye dirisha hutuliza kamera, hurekodi video ya dakika 10 hivi pamoja na sauti zake, kisha huituma. Mtazamaji hubofya kitufe, na dirisha jingine likafunguka bila yeye kujua litakuwa la wapi: huku mvua, kule paka kibarazani. Jina la mtumaji na mahali alipo huandikwa juu ya picha.

Je, ni matangazo ya moja kwa moja?
Hapana. Ni video zilizorekodiwa, hivyo unaweza kuona jua likiwaka mahali ambako sasa ni usiku.

Si kuchungulia faragha za watu?
Mwenye video huituma kwa hiari yake. Ila ukitaka kutuma yako, hakikisha kwanza haionyeshi namba za magari wala ndani kwa jirani, maana yeye hakuombwa ruhusa.