Nyimbo za Makuzi: Je, Ni Burudani Tu?

Tukiulizwa kwenye mtihani dhima ya nyimbo za watoto, jibu huwa tunalo mdomoni: kuburudisha, kuelimisha, kuonya. Tunaorodhesha, tunapata maksi, yamekwisha. Katika makala haya nataka kuonyesha kuwa jibu hilo linaacha jambo kubwa nje: nyimbo hufuata umri. Kila rika lina zake, na kukua ni kuruhusiwa kusikia kile ambacho jana hukuruhusiwa.

Tuanze na bembea, yaani nyimbo za kubembelezea watoto. Mtoto mchanga haelewi neno hata moja. Anachopokea ni mapigo: anayumbishwa, anapigwapigwa mgongoni, sauti inapanda na kushuka. Mwili wake unajifunza mizani kabla ya ulimi. Lakini kwa kuwa msikilizaji haelewi, mwimbaji ana uhuru wa kutia humo uchovu wake, hata manung'uniko juu ya mume. Kwa hiyo bembea ina hadhira mbili: mtoto anayelazwa na mama anayejiliwaza.

Hatua ya pili ni nyimbo za michezo. Chukua ukuti. Watoto hushikana mikono, wakazunguka huku wakiimba. Hakuna anayewahubiria umoja, ila anayevuta peke yake huvunja duara, na wenzake watamzomea. Hapa mtoto anajifunza kupokezana na kungoja zamu yake.

Hatua ya tatu ni jando na unyago. Kwetu Uzaramoni, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na makungwi wakamfunda kwa ngoma na nyimbo. Nyimbo hizo ni mafumbo matupu. Kitu cha jikoni au mdudu wa shambani husimama badala ya jambo lisilotajwa hadharani, na mwali hufunguliwa maana yake taratibu. Mimi naona hilo ni darasa la uhakiki hasa, tena la zamani kuliko letu.

Haya sikuyapata vitabuni tu. Likizo iliyopita nilikwenda Kisarawe kwa bibi, simu mkononi, nikitaka kurekodi nyimbo za unyago kwa ajili ya kazi ya darasani. Bibi akacheka.

"Mjukuu wangu, wewe ulichezwa lini?"

Sikuwa na jibu. Wenzangu walipochezwa, mimi nilikuwa shule ya bweni.

"Basi hizo si zako. Nitakuimbia uliyolalia."

Akaniimbia bembea yake. Sauti niliijua mara moja, mabega yakaanza kuyumba yenyewe. Maneno, kumbe, sikuwahi kuyasikia hata siku moja! Yalikuwa malalamiko ya mwanamke anayemngoja mtu aliyekwenda mjini na hakurudi. Nilimtazama bibi, naye akatazama pembeni. Sikuuliza.

Hapo nikamwelewa vizuri zaidi M. M. Mulokozi, ambaye katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi aliziainisha kwa kuangalia pia muktadha na namna zinavyowasilishwa kwa hadhira. Wimbo ni maneno, sawa, lakini ni pia nani anamwimbia nani, na lini. Ule wa bibi haukubadilika. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Wapo watakaosema bibi ni mchoyo, kwamba nyimbo zisiporekodiwa zitakufa. Hoja hiyo ina uzito. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi, na ngoma ya unyago aliipiga hata jukwaani mbele ya watu ambao hawakuwahi kuwa wali. Bila yeye, wengi tusingejua hata mdundo wake. Lakini hadhira ya jukwaani hushangilia ikaenda zake, wakati mwali alitoka ndani akiwa mtu mwingine. Tukihifadhi wimbo bila kueleza tofauti hiyo, tumehifadhi ganda.

Kwa hiyo, wanafasihi wenzangu, tunapohakiki nyimbo za makuzi tusikimbilie kuorodhesha dhima. Tuulize kwanza: msikilizaji ana umri gani, na ni nini bado hajaruhusiwa kuelewa? Kazi yangu ya darasani niliiwasilisha ikiwa na bembea moja tu. Maksi hazikuwa nyingi, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeusikia wimbo wangu mwenyewe.