Mkaa wa Mifupa kwa Maji ya Kunywa

Leo tuweke jembe kando, tuzungumze juu ya maji ya kunywa.

Ukiishi miteremko ya Mlima Meru umeona watoto wenye meno ya kahawia. Watu husema, "Huyu hapigi mswaki." Sivyo! Maji ya huko hupita katika miamba ya volkeno na kuchukua madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arusha vinapita hapo. Meno huharibika yangali ndani ya ufizi. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Je, kuchemsha kunasaidia? Kunaua vijidudu tu. Floridi hubaki sufuriani, tena maji yakipungua ndiyo inazidi.

Dawa ni mifupa ya ng'ombe inayotupwa machinjioni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni mahali pamoja palipofanyia kazi jambo hili. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa iwe punje, huoshwa, kisha hutiwa katika ndoo yenye bomba. Maji yakipita polepole, mkaa ule huishika floridi. Mkaa wa kuni hauiwezi kazi hiyo.

Siri iko kwenye kuchoma. Ukiwa mweusi ti haukuiva, maji yatanuka. Ukiwa mweupe umeungua mno, nguvu imepungua. Kwa hiyo usibahatishe, tafuta uliotengenezwa na wenye ujuzi.

Sasa shika mambo matatu. Kwanza, chuja maji ya kunywa na ya kupikia tu. Ya kufulia yaache. Pili, mkaa huchoka, na ulimi hauonji floridi. Basi muulize mtaalamu wa maji wapi pa kuyapima, ujue lini ubadilishe mkaa. Tatu, angalia magadi unayotia kwenye maharage au makande. Mengi yana floridi nyingi, na utairudisha chunguni ile uliyoichuja.

Ndoo ikiwa moja tu, mtangulize mtoto mdogo. Meno yake ya ukubwani yanaumbwa sasa, na yakishaharibika hayarudi.