Je, Wajua? Mwongozaji wa Miguu ni Mrithi wa Mwindaji

Je, wajua kwamba mtu anayetajwa kuwa mwasisi wa utalii wa kutembea kwa miguu porini alikuwa akilipwa mshahara wa kuua tembo? Norman Carr alizaliwa mwaka 1912 huko Chinde, Msumbiji, na mwaka 1939 akaajiriwa na serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kuwa ofisa wa kudhibiti tembo. Tembo wakivamia mashamba katika bonde la mto Luangwa, Carr anafika na bunduki. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kusoma nyayo, kupima upepo na kumsogelea mnyama mkubwa bila kushtukiwa. Karibu kila ujuzi ambao mwongozaji wa leo anamwonyesha mgeni mwenye kamera umetoka kwa wawindaji, na wala si jambo la kuonea haya.

Mwaka 1950 Carr alimwendea Chifu Nsefu wa Wakunda na wazo ambalo wakati ule lilionekana kichekesho: chifu atenge sehemu ya ardhi yake iwe ya wanyama, wageni waje kuwatazama tu, walipe, na fedha ziingie kwenye hazina ya chifu. Mtu alipe pesa amwone nyati, kisha amwache aende zake! Chifu alikubali, vikajengwa vibanda 6 vya msonge, na wageni wakaja. Siku hizi jambo hilo linaitwa uhifadhi shirikishi na huandaliwa semina za siku tatu hotelini. Eneo la Nsefu sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Luangwa Kusini, iliyotangazwa mwaka 1972. Matembezi yenyewe Carr aliyaanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kustaafu serikalini, akaendelea kuishi bondeni humo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1997.

Wengine watasema alitanguliwa, na hawajakosea. Kule Umfolozi, Afrika Kusini, Ian Player alianza kuwatembeza wageni mwaka 1959 akiwa pamoja na Magqubu Ntombela, Mzulu ambaye hakwenda shule lakini pori alilijua lote, na ambaye Player mwenyewe alimtambua kuwa mwalimu wake. Tukirudi nyuma zaidi, misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilitanguliwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, alisafiri kwa miguu na wasafiri wa Kizungu Burton, Speke, Stanley na Cameron kwa nyakati mbalimbali. Vitabu vikaandikwa, majina ya jaladani mnayajua.

Je, wajua kwamba orodha ya "wakubwa watano", ile inayobandikwa kwenye kila gari la watalii, ilitungwa na wawindaji? Haikupangwa kwa ukubwa wa mnyama, maana twiga na kiboko hawamo ilhali chui yumo. Ilipangwa kwa hatari ya kumfuata mnyama kwa miguu, hasa akishajeruhiwa: tembo, kifaru, nyati, simba na chui. Waongozaji wa miguu wakajibu kwa utani, wakatunga orodha yao ya wadogo watano. Mmojawapo ni sange, mnyama mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo. Sange mwenye uso wa kijivu wa milima ya Udzungwa, Tanzania, alitangazwa rasmi na wanasayansi mwaka 2008 tu. Uzito wake ni kama gramu 700. Aliyekaa ndani ya gari hamwoni.

Tuiangalie kazi yenyewe. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, watu wachache hupangwa mstari mmoja. Zambia, kwa kanuni, askari wa wanyamapori mwenye bunduki hutangulia na mwongozaji humfuata. Katika hifadhi za Tanzania nako hupewi njia bila askari mwenye silaha. Mwongozaji anatoa soksi kuukuu iliyojaa majivu na kuitikisa. Majivu yakipeperuka kuelekea kwenye kichaka kilicho mbele, msafara unageuzwa na kuzunguka upande wa pili, kwa kuwa tembo haoni mbali lakini pua yake haidanganyiki. Hatua chache baadaye anachuchumaa penye wayo. Wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Anapima mzunguko wa ule wa mbele kwa kamba, anazidisha kwa 2, na hicho ndicho kimo cha tembo huyo mpaka begani, kwa kukadiria. Je, amepita leo au jana? Anatafuta vijinjia vya wadudu. Mdudu wa usiku akiwa ameacha mstari wake juu ya wayo, basi tembo alipita kabla ya mapambazuko. Kinyesi anakigusa kwa mkono kuona kama bado kina joto. Wageni hukunja nyuso. Kesho yake utawakuta nao wanakipekua.

Sehemu ngumu ni pale tembo anapokuja. Akitandaza masikio, akipiga kelele na kutimua vumbi, mara nyingi anatisha tu. Anayekuja kimya, masikio ameyabana nyuma na mkonga ameukunjia kifuani, huyo amedhamiria. Mwongozaji ana sekunde chache za kutambua tofauti hiyo, na amri kwa walio nyuma yake ni ileile siku zote: usikimbie. Kwa waongozaji, kufyatua risasi si ushujaa. Ni dalili kwamba kuna kosa lilifanyika mapema, pengine upepo ulisomwa vibaya au kichaka kilikaribiwa mno.

Je, wajua kwamba ndege mdogo anaweza kumharibia mwongozaji matembezi yote? Askari wa kifaru, ndege anayekula kupe juu ya migongo ya wanyama, hulia akiona mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, kulekule alikotembea Player, ulionyesha kwamba vifaru weusi wasio na ndege hao mgongoni walimgundua mtu anayewasogelea kwa asilimia 23 tu ya majaribio. Waliokuwa nao walimgundua mara zote, kwa wastani akiwa mita 61. Kila ndege mmoja zaidi aliongeza mita 9 hivi. Kifaru macho yake ni dhaifu, kwa hiyo jangili angefurahi sana kama ndege huyo asingekuwepo.

Je, wajua kwamba Zimbabwe, ili mtu apewe leseni kamili ya kuongoza wageni wa kutazama tu, hutakiwa awe na uzoefu wa kuua wanyama hatari? Anafanya mtihani wa kuandika, anakuwa mwanagenzi kwa miaka, anapimwa shabaha, kisha anakaa porini siku kadhaa akisailiwa na wazoefu. Ndiyo maana waongozaji wengi wa huko hawazungumzii uwindaji kwa chuki kama wazungumzavyo wateja wao wa Ulaya na Marekani. Wamewahi kushika bunduki ya mwindaji.

Mwaka 2015 mambo hayo yalikutana pahali pamoja. Mwezi Julai simba aitwaye Cecil, aliyekuwa akifuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliuawa na mwindaji kutoka Marekani nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange, na dunia ikawaka. Mwezi Agosti, ndani ya hifadhi hiyohiyo, mwongozaji wa matembezi alikuwa na kundi la wageni alipokutana na simba. Simba alimshambulia na kumuua. Wageni wote walitoka salama. Cecil anakumbukwa duniani kote. Mwongozaji yule hakupata hata robo ya machozi hayo.

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli. Je, wajua kwamba kusini mwa Jangwa la Sahara ardhi iliyotengwa kwa uwindaji wa kitalii imekadiriwa kuwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, eneo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa za ukanda huo zikijumlishwa? Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni miombo mikavu, yenye joto na mbung'o, ambako mtalii wa picha haendi hata kwa nusu bei. Wanaotetea uwindaji huuliza: mwindaji akiondoka, nani atalipia askari, na nani atazuia shoka na ng'ombe? Mwezi Januari 2013 Zambia ilisimamisha uwindaji katika vitalu vingi, na askari wa vijiji ambao posho zao zilitokana na ada za uwindaji wakawa wa kwanza kuumia. Mwaka 2014 milango ikaanza kufunguliwa tena.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba wanyamapori wakubwa katika nyanda zake za malisho walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule wa marufuku. Wawindaji huitaja takwimu hii kwa furaha. Lakini wasiitumie peke yake. Tanzania, ambako uwindaji ulifungwa mwaka 1973, ukafunguliwa 1978 na kuendelea mpaka leo, tembo walihesabiwa 109,051 mwaka 2009, na 43,330 mwaka 2014. Pori la Akiba la Selous, lenye jina la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, lilikuwa na vitalu vya uwindaji karibu kila upande, na bado hesabu ya mwaka 2013 ilikuta tembo 13,084 mahali palipokadiriwa kuwa na zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970.

Kwa hiyo marufuku haikuokoa, na kibali nacho hakikuokoa. Kilichosaidia Selous kwa muda ni jambo lisilovutia magazeti: kuanzia mwaka 1994 pori liliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, likanunua mafuta, likalipa askari, na doria zikafanyika. Mpango huo ulipodhoofika, majangili walirudi. Kwa maoni yangu, anayebishana kuhusu bunduki bila kuuliza fedha zimekwenda wapi anapoteza muda wake na wetu.

Ujangili huacha alama hata kwenye miili. Luangwa, mwaka 1969, majike wazima wa tembo wasio na pembe walikuwa asilimia 10.5, mwaka 1989 walifika 38.2. Wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakazaa. Gorongosa, Msumbiji, palitokea vivyo hivyo baada ya vita vya 1977 hadi 1992.

Simba naye umri wake husomwa puani. Akiwa mdogo pua yake ni ya waridi, na kadiri anavyokua madoa meusi huongezeka. Ikishakuwa nyeusi kwa zaidi ya nusu, ana miaka 5 au zaidi. Watafiti wa simba wa Serengeti walionyesha mwaka 2004 kwamba kuwinda madume waliozidi umri huo hakuvurugi familia, maana wameshalea. Tanzania ikaweka kiwango cha miaka 6. Kanuni ni nzuri, ila inamtaka mwindaji aliyelipa maelfu ya dola kutazama pua kwa utulivu kabla hajavuta kifyatulio, na binadamu ni binadamu.

La mwisho ni kwako wewe unayepanga kwenda kutembea Ruaha, Nyerere au Luangwa. Mbung'o ndiye aliyezuia ng'ombe na makazi kuenea kwenye mengi ya mapori haya, na wakoloni wa Rhodesia ya Kusini waliwahi kuua wanyama kwa malaki wakidhani watamkomesha kwa kumnyima damu. Hawakummaliza. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa kuwa rangi hizo humvutia, kwa hiyo vaa kaki au kijani kilichofifia, na suruali yako ya jinzi iache nyumbani.